Jinsi ya kumsifu Mungu kwa matendo yake bila kugeuza sifa ziwe maombi

Bwana asifiwe wapendwa. Niko huku Kasese, magharibi mwa Uganda, kwenye ibada yetu ya Kiswahili ambayo nusu ni watu wa hapa na nusu ni wafanyabiashara wa kutoka upande wa Mpondwe, mpakani na Kongo. Sasa Jumapili moja mchungaji akasema leo kwa dakika kumi hakuna kuomba kitu, tumsifu Mungu tu kwa aliyotenda. Dakika ya pili haijaisha namsikia jirani yangu, "asante Baba kwa uzima, na sasa Baba unajua ada za shule za watoto..." Nikataka kucheka, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafika kwenye deni la mabati. Yani tunajua sana kuomba, kusifu inatushinda.

Tangu siku ile nimejifunza vitu kadhaa, naandika hapa vile vinanifanyia kazi.

Cha kwanza ambacho ndio kikubwa, TAJA TENDO. "Asante kwa kila kitu" si mbaya ila ni kama kumwambia mama asante kwa chakula kila siku na hujawahi kumwambia leo maharage yameiva vizuri. Fungua Zaburi ya 136 uone mwenyewe. Mistari 26, na kila mstari unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele", lakini ule mwanzo wa mstari ndio somo, anataja jua, anataja mwezi, anataja Bahari ya Shamu, anafika mpaka kutaja wafalme kwa majina, Sihoni na Ogu, alafu karibu na mwisho anataja chakula. Vita na chakula kwenye wimbo mmoja! Kwa hiyo usidharau kitu kidogo.

Hii unaweza kuifanya nyumbani jioni kabla ya kulala, haihitaji maiki wala spika. Mmoja anasema tendo, wengine wote wanaitikia ule mstari. Sisi tulianza na mimi, nikasema "alinilinda boda ilipokatika breki kwenye mteremko wa Kilembe", wakaitikia. Mama watoto akasema "alileta mvua kabla mahindi hayajakauka", wakaitikia. Kadogo ketu ka miaka sita kakafikiria weee, alafu kakasema "mbuzi amezaa mapacha na wote wananyonya", basi tukaitikia kwa kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Siku hizi kenyewe ndio kanatukumbusha. Ila angalizo, ukiona mtu anaanza kusema "alitupa hiki na tunaamini atatupa na kile", msimamishe kwa upole, hapo ameshaingia kwenye maombi, yana wakati wake.

Cha pili, andika. Nunua kitabu cha shule cha kawaida tu, weka tarehe, tendo, na nani alikuwepo. Simu pia ni sawa ila simu zinaibiwa. Kwa nini uandike? Soma Kutoka 15, Waisraeli wanavuka bahari, Miriamu anachukua tari, wanawake wanacheza, sifa kubwa kabisa, alafu sura hiyo hiyo siku tatu mbele wamefika Mara maji ni machungu na tayari wananung'unika. Siku tatu! Na sisi ni hao hao. Ndio maana walipovuka Yordani waliambiwa watoe mawe 12 mtoni wayasimamishe, ili watoto wakiuliza haya mawe ni ya nini wapate kusimuliwa. Kitabu chako ndio mawe yako.

Cha tatu, amka mapema utoke nje. Huku kwetu kuna asubuhi mawingu yanachelewa unaona theluji ya Rwenzori inang'aa kule juu, kilele chake Margherita ni mita 5,109, na ikweta yenyewe iko hapa chini njia ya Kikorongo ambapo watalii wanasimama kupiga picha. Theluji na ikweta mahali pamoja, nani angepanga hivyo? Ikifika saa tatu mawingu yameshafunika, umechelewa. Kama huna mlima utakuwa na mto, au hata mwembe, simama tu dakika mbili uangalie kazi ya mikono yake kabla ya kushika simu.

Sasa ushuhuda kanisani, hapa nitasema ukweli na wengine mnisamehe. Fupisha. Wazee wa uamsho, Balokole yaani waliookoka, walikuwa mtu anasimama anashuhudia kwa maneno machache, alafu watu wanapokea na wimbo wa Tukutendereza, kwa Kiganda maana yake tunakusifu, basi, anakaa. Siku hizi ushuhuda dakika ishirini na kumi na tano ni za kueleza gari ni la aina gani. Hapo anayesifiwa ni nani? Pia usiongeze chumvi, hata kama Katwe kwenye ziwa la chumvi iko karibu. Homa iliyokuwa siku mbili ibaki siku mbili, Mungu hahitaji tumsaidie kwa uongo. Kama nesi alikuchoma sindano mtaje na nesi, hapunguzi utukufu wa Mungu, ni Mungu huyo huyo aliyemleta zamu usiku ule. Na siri ya mtu mwingine usiitangaze eti unashukuru ametoka kwenye pombe, muulize kwanza.

Limebaki la siku mbaya. Mto Nyamwamba ulifurika 2013, ukarudia tena 2020, kwa hiyo hapa hatusomi Habakuki 3 kama mashairi, ile ya mtini kutochanua na zizini kukosa ng'ombe na bado anamfurahia Bwana. Lakini tafadhali usimwendee mtu aliyepoteza nyumba ukamwambia "shukuru uko hai". Zaburi nyingi zinaanza na kilio, muache alie, kaa naye, mbebee maji.

Sifa itatoka yenyewe ikiwa tayari. Baada ya yale maji ya 2020 tulienda kumuona mama mmoja mzee wa kanisani, nyumba hakuna, jiko hakuna, tope mpaka magotini, tukasimama hatujui tuseme nini. Yeye alikuwa anasugua sufuria moja iliyobaki, imebonyea upande. Akaiinua akaiangalia kwenye mwanga kama ina tundu, haina, akasema "Asante Bwana, hii nzima", alafu akatuuliza nani ana unga.