Breki zinalia? Angalia pini za kalipa kabla ya kununua pedi

Jirani yangu alifunga pedi mpya za mbele, na haukupita muda breki zikaanza kulia tena. Pedi hazikuwa na kosa. Mwongozo huu ni wa breki za diski, ambazo kalipa hubana pedi mbili kwenye diski inayozunguka na gurudumu.

1. Sikiliza kwanza. Mlio wa asubuhi baada ya mvua, unaopotea ukishakanyaga breki mara chache, ni kutu nyepesi ya diski, uache. Mlio mwembamba usiokoma mara nyingi ni kibati cha tahadhari kilicho kwenye pedi, kinachogusa diski pedi ikibaki milimita 2 au 3. Ukisikia chuma kinasaga chuma, usiendeshe. Gari likikwaruza hata bila kukanyaga breki, na umetoka barabara ya vumbi, tafuta kokoto kati ya diski na bati linaloikinga.

2. Piga jeki, weka stendi, toa tairi.

3. Hapa usiwe na haraka. Fungua kalipa na uitundike kwa waya. Isining'inie kwa mpira wa oili ya breki. Linganisha pedi mbili za gurudumu hilohilo. Ya ndani ikilika sana kuliko ya nje, kwa kawaida pini ambazo kalipa inateleza juu yake zimekwama, na ukifunga pedi mpya zitalika vilevile. Chomoa pini: zitoke na kuingia kwa mkono, bila nyundo. Iliyochimbika kwa kutu, nunua nyingine. Mara nyingi moja ina kipira nchani, kwa hiyo rudisha kila pini kwenye tundu lake. Paka grisi ya silikoni ya breki, kidogo tu. Grisi ya kawaida ya bearing huvimbisha vipira na pini inakwama upya. Siikubali hata kwa dharura. Kipira cha kuzuia vumbi kikichanika, badilisha, maana tope litaingia tu.

4. Unene wa mwisho wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikipungua hapo, badilisha. Pedi inayong'aa imeungua, hasa kwa anayeteremka mlima mkali kama Kitonga, Iringa, amekanyaga breki muda wote badala ya kuweka gia ya pili. Mafundi wengi huipiga msasa. Mimi naitupa.

5. Funga. Kanyaga pedali mpaka iwe ngumu kabla ya kuondoka. Kisha zoesha pedi mpya: fika kilomita 50 kwa saa, punguza hadi 10 bila kusimama, rudia mara kumi hivi, ukiziacha zipoe kidogo katikati.