Kasuku na baridi kali: kwanza angalia analala wapi

Kwa mnaofuga kasuku Uingereza na kwingine kwenye baridi kali: msiwalishe wote sawasawa. Aliye kwenye banda la nje hutumia chakula kingi kujipasha joto, kwa hiyo aongezewe alizeti na karanga zisizo na chumvi wala ukungu. Desemba giza huingia saa kumi jioni na usiku una takribani saa 16. Ahakikishiwe shibe kabla ya jua kuzama, maana gizani hali chakula. Maji huganda, yatazameni asubuhi na mchana.

Wa ndani, penye hita, hana baridi ya kupambana nayo. Alizeti nyingi zitamnenepesha tu na kumharibia ini. Apewe viazi vitamu vya kuchemsha, boga, karoti, sukuma wiki. Kasuku wa kijivu, yule wa misitu ya Kongo, hupungukiwa kalsiamu upesi, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimpi vitamini D; daktari wa mifugo aulizwe kuhusu taa maalumu. Chakula kiwe vuguvugu, si cha moto, na kiondolewe kabla hakijachacha. Parachichi hapana kabisa, ni sumu kwake.