Betri ya kamera idumu: mlimani na harusini

Ukipiga picha Moshi, wiki hii uko kwenye sendofu, wiki ijayo uko na wageni njiani kwenda Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, na betri ni ileile. Wengi hukimbilia kununua nyingine wakati ya kwanza haijachoka, haijatunzwa tu.

Hatua ya 1: Chaji mapema. Ule ushauri wa kuimaliza kabisa ndipo uchaji ulihusu betri za zamani za nikeli-kadimi. Za lithiamu, kama hizi za kamera za leo, hazitaki hivyo. Ikifika nusu, chomeka.

Hatua ya 2: Usiiache imejaa juani. Joto pamoja na chaji iliyojaa huizeesha haraka kuliko kazi yenyewe, kwa hiyo usiiache ndani ya gari lililoegeshwa mchana. Kama huna kazi kwa wiki kadhaa, iache karibu nusu, nje ya kamera, mahali pa baridi ya kawaida.

Hatua ya 3: Zima Wi-Fi na GPS, punguza mwanga wa skrini, acha kukagua kila picha. Kamera zisizo na kioo cha ndani hula zaidi, kwani skrini au kitafutio, yaani kidirisha cha kuchungulia, lazima kiwake muda wote.

Hatua ya 4: Baridi ya mlimani. Safari ya kileleni huanza usiku wa manane kutoka kambi ya Kibo au Barafu. Baridi hupunguza kasi ya kemia ndani ya betri, umeme unashuka, na kamera inazima huku chaji bado ipo. Nimeona mgeni akiisonya betri yake kule Stella Point na kuitumbukiza mfukoni kwa hasira. Ikipata joto, mara nyingi huamka tena. Basi weka moja kwenye kamera na nyingine mfuko wa ndani, karibu na mwili, kisha zibadilishane. Usiku lala nazo ndani ya begi la kulalia. Zifunike ncha zake za chuma zinazopitisha umeme. Zikigusana na funguo au sarafu zinapiga shoti. Na usichaji betri iliyoganda kwa pawabenki: chini ya nyuzi 0 lithiamu hujitandaza vibaya ndani, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ipashe kwanza, ila si kwenye jiko la wapishi.

Hatua ya 5: Ununuzi. Isiyo ya kampuni ya kamera inafaa kuwa akiba, lakini soma maandishi. Betri ya LP-E6N ya Canon ni volti 7.2 na mAh 1,865 (kiasi cha chaji inachobeba), yaani kama Wh 14 za nishati. Ukiona ya umbo hilohilo inajinadi kuwa na mAh 3,000 kwa bei ya kutupa, hapo unauziwa namba. Ijaribu dukani: iingie bila kulazimishwa, na kamera ionyeshe kiwango cha chaji.

Kwa flashi, hela huishia kwenye betri za AA za kutupa. Nunua za kuchaji za NiMH (aina ya betri za nikeli) zisizopoteza chaji haraka, ziandike A na B kwa seti, usichanganye nzee na mpya.

Betri ikivimba, hata kidogo, usiirudishe kwenye kamera. Itoe ikiwa bado inatoka kwa urahisi, usiitoboe wala kuichaji, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na usiitupe jalalani.