Faili ya mzee ifike kabla yake

Mzee mwenye saratani akihamishwa kutoka Russia, yaani hospitali ya Jaramogi pale Kisumu, kwenda hospitali ya PGH Nakuru au ya Moi kule Eldoret, sisi tulio nje hukimbilia kutuma pesa. Pesa zitahitajika, ndiyo. Lakini daktari mpya hawezi kuandika hata dawa moja ya saratani kabla ya kujua ni saratani ya aina gani na mgonjwa ameshapewa nini.

Basi teueni mtu mmoja wa nyumbani, si kamati ya ukoo, aende hospitali ya zamani kabla mzee hajaondoka. Achukue ripoti ya bayopsi, yaani majibu ya kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, na aombe bloku pia, ile nta iliyohifadhi kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe. Wengi huiacha. Maabara mpya ikitaka kuhakiki majibu au kuongeza vipimo na bloku haipo, huenda mzee akakatwa tena, na wiki zinakwenda. Picha za CT aombe zenyewe kwenye CD, maana daktari wa mionzi, yaani wa kuchoma saratani kwa miale, hutaka kuona kwa macho yake uvimbe ulipokaa. Kama kemo, yaani dawa za kuua saratani, ilishaanza, kila dawa iandikwe jina, kiasi na tarehe. Doksorubisini, ile nyekundu, inaweza kudhuru moyo na ina kiwango ambacho mtu hapaswi kukipita maisha yake yote. Aliyopewa Kisumu inahesabiwa Nakuru. Mionzi ya zamani nayo iandikwe.

Vipimo vya damu, figo na ini vitarudiwa, pengine na ekho, ile picha ya moyo. Binamu atakupigia kulalamika kwamba hospitali inakula pesa. Mtulize, kemo haitolewi kwa majibu ya mwezi uliopita.

Bima ya afya ya serikali siku hizi ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hakikisha mchango umelipwa, na uliza kama hospitali mpya imeshaomba idhini ya SHA kulipia matibabu.

Mionzi kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo pesa yako ifanye kazi: kodi chumba karibu na hospitali badala ya kumrusha mgonjwa kwenye matatu kila asubuhi.

Dawa za miti shamba? Muulizeni mzee kwa upole mkiwa nyumbani, maana mbele ya daktari atakana. Nyingine huumiza ini au kuvuruga kemo.

Nunueni pia kipimajoto. Baada ya kemo joto likifika 38, aende hospitali usiku huohuo; msimpe panadoli mkangoja kuche.