Anza na mama: jinsi ya kufuatilia ukoo wa Padre Patrick Healy, rais wa Georgetown

Ukitaka kuchora ukoo wa msomi wa karne ya 19, mazoea ni kuanza na yeye, kisha kupanda kwa baba, halafu kwa babu. Kwa Padre Patrick Francis Healy, Mjesuiti (mtawa wa shirika la Kikatoliki la Yesu) aliyekuwa rais wa Chuo cha Georgetown mjini Washington kuanzia 1874 hadi 1882, njia hiyo itakupeleka Ireland upesi, na njiani utampita mtu wa maana kuliko wote bila kumwona. Mtu huyo ni mama yake, Eliza, aliyekuwa mtumwa.

Kazi yangu ni kutafuta nasaba, hasa za familia ambazo mababu zao walikuwa watumwa Marekani. Familia ya Healy ndiyo ninayowafundishia wanaoanza. Fuata hatua hizi nami, kisha uzitumie kwa ukoo unaoutafuta wewe.

Hatua ya 1: Andika unachokijua, na kando yake umekipata wapi

Chukua daftari, si kumbukumbu ya kichwa. Baba ni Michael Morris Healy, Mwairishi aliyehamia Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani, akapata shamba la pamba katika Kaunti ya Jones, karibu na Macon, kando ya mto Ocmulgee. Mama ni Mary Eliza. Waliishi pamoja tangu 1829, wakazaa watoto kumi, na tisa kati yao wakafika utu uzima: James, Hugh, Patrick, Sherwood, Martha, Michael, Eliza, Josephine na Eugene.

Angalia vizuri hapo. Kuna Michael wawili na Eliza wawili. Wape alama tangu siku ya kwanza, "Michael baba" na "Michael nahodha", "Eliza mama" na "Eliza mtawa". Niliwahi kuchanganya baba na mwana wa jina moja katika ukoo mwingine, na kazi ya wiki tatu ikabidi ifutwe yote.

Hatua ya 2: Soma sheria kabla ya kusoma karatasi

Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Georgia ya wakati huo, mtoto alifuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, baba awe nani. Mzungu hakuruhusiwa kumwoa mtumwa. Tangu 1801, mwenye mtumwa hakuweza kumwacha huru kwa hiari yake tu, ilihitajika sheria ya bunge la jimbo. Na 1829 ikapigwa marufuku kuwafundisha watu weusi kusoma, watumwa na walio huru pia.

Ukishajua hayo, hutapoteza siku ukitafuta cheti cha ndoa cha Michael na Eliza. Hakiwezi kuwapo. Utaelewa pia kwa nini watoto walipelekwa Kaskazini, kwenye majimbo yasiyo na utumwa, mmoja baada ya mwingine. Patrick, aliyezaliwa 1834, kwa sheria alikuwa mali ya baba yake mzazi.

Kwa hiyo, ukifika kwenye chati yako usiandike "mke" wala "hawara" kwa kukisia. Andika neno lililo kwenye hati, na pembeni uandike sheria iliyomlazimisha mwandishi kulitumia.

Hatua ya 3: Ingia kwenye sensa, na usome hata penye utupu

Picha za sensa za Marekani zinapatikana bure kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch ukifungua akaunti. Sensa za 1790 hadi 1840 zilitaja jina la mkuu wa kaya tu. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kumwandika kila mtu huru kwa jina. Watumwa waliwekwa kwenye daftari la pekee, mwaka huo na 1860.

Fungua ukurasa mmoja wa daftari hilo la watumwa. Kushoto kuna jina la mwenye mali. Chini yake mistari inashuka: umri, jinsia, rangi. Mstari mmoja, mtu mmoja, hana jina. Shamba la Healy lilikuwa na watumwa wapatao 49. Kila mara nawaambia wanafunzi wasome mistari ya ukurasa mzima kwa sauti, mmoja mmoja, bila kuruka.

Sasa tazama tarehe. Sensa ya 1850 ilihesabu watu waliokuwapo tarehe 1 Juni. Eliza alifariki Mei mwaka huohuo, na Michael akamfuata Agosti. Basi Eliza usimtafute kwenye mistari ile. Sensa hiyo ilikuwa na orodha nyingine ya waliofariki katika miezi 12 kabla ya 1 Juni, na hapo ndipo pa kumtafuta. Kuchelewa kwa wiki chache tu kunambadilishia mtu daftari.

Kuna jambo jingine kuhusu safu ya rangi. Makarani wa 1850 waliagizwa waandike B kwa mweusi, M kwa chotara, na kwa mzungu waache wazi. Nafasi tupu ni jibu! Na ni jibu la karani aliyesimama mlangoni akamtazama mtu usoni, si la mwenye familia. Patrick alikuwa na ngozi nyeupe, na wengi waliokutana naye walimdhania mzungu. Ukiona safu tupu kwenye jina la Healy, nakili hivyo hivyo: "karani aliacha wazi".

Hatua ya 4: Mirathi

Wosia na hesabu za mirathi hukaa kwenye kaunti. Makao ya Kaunti ya Jones wakati huo yalikuwa Clinton. Leo ni Gray. Katika wosia wake Michael aliwatambua watoto wale kuwa wake na kuwarithisha.

Lakini usiishie kwenye wosia. Endelea hadi kwenye orodha ya mali iliyoandaliwa na wasimamizi wa mirathi. Kwenye orodha za namna hii, katika kaunti nyingi za majimbo ya Kusini, watumwa hutajwa kwa majina na kando ya kila jina huwekwa bei. Wale wasio na majina kwenye sensa hupata majina hapa, kwa njia hii chungu. Watu wa shamba la Healy walikodishwa, kisha wakauzwa, na fedha ikawafikia watoto wa Eliza huko Kaskazini. Nimewaona watafiti wakiiruka sehemu hii kwa sababu inauma. Iandike. Wale waliouzwa nao wana wajukuu wanaowatafuta.

Hatua ya 5: Vitabu vya shule na kanisa

Wavulana walianza kwenye shule za Waquaker (dhehebu la Kikristo), Flushing na Burlington, kisha 1844 wakaingia Holy Cross, Worcester, chuo cha Wajesuiti kilichofunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Huko wakabatizwa. Kwenye daftari la ubatizo tafuta jina la mama na majina ya wasimamizi wa ubatizo, maana hao ndio waliokuwa jamaa zao wapya.

Tazama pia aliyekuwa rais wa Holy Cross siku hizo: Padre Thomas Mulledy. Mwaka 1838 ndiye aliyesimamia Wajesuiti wa Maryland kuwauza watu 272 kwenda Louisiana, na kabla ya hapo alikuwa rais wa Georgetown. Patrick, mtoto wa Eliza, alipokewa na mtu huyo, na baadaye akakalia kiti cha urais wa Georgetown ambacho Mulledy aliwahi kukikalia.

Hatua ya 6: Fuata ndugu wote

Anachoficha mmoja, mwingine hukisema. James akawa askofu wa Portland, Maine, 1875. Michael akawa nahodha wa meli ya serikali iitwayo Bear, kwenye bahari za Alaska. Eliza binti akaongoza nyumba ya watawa St. Albans, Vermont. Kila mmoja ana faili lake mahali pake, na kila faili linaweza kumtaja mama. Kwa walio hai 1880, fungua sensa ya mwaka huo: ndiyo ya kwanza kuuliza wazazi wa kila mtu walizaliwa wapi.

Utakuta jina la ukoo la mama limeandikwa Smith mahali pamoja, Clark pengine. Usichague lililokupendeza. Weka yote mawili, kila moja na hati yake.

Upande wa baba mimi hukaa muda mfupi, kwa sababu sensa za Ireland za miaka ile ziliteketea Dublin 1922.

Hatua ya 7: Chora chati

Mweke Eliza katikati ya karatasi, si pembeni mwa Michael. Shusha watoto tisa, na yule wa kumi aliyekufa mdogo. Patrick mpe miaka yake, 1834 hadi 1910, na kaburi lake palepale Georgetown, karibu na jengo kubwa alilolijenga ambalo linaitwa kwa jina lake. Juu ya Eliza chora mistari miwili ya wazazi wake, uiache wazi, na uichore kwa penseli.