Kusoma historia ya ukaguzi ya gari la Japani kabla ya kulipa pesa bondi

Jumapili iliyopita nilimsindikiza mwalimu mmoja aliyetoka Arua kuja Kampala kununua Toyota Noah ya mwaka 2010. Bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje, iko upande wa Nakawa. Rangi inang'aa, viti safi, dashibodi inasoma kilomita 86,410. Mwalimu alishaanza kuitoa bahasha ya hela mfukoni. Nikamwambia, "Mwalimu, irudishe kwanza, tuombe makaratasi."

Mimi ni fundi wa magari hapa Ndeeba, Kampala, na kabla ya gereji nilitoa magari Mombasa hadi Malaba kwa miaka mingi, kwa hiyo makaratasi haya nimeyabeba mengi. Naandika tulivyofanya, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Namba ya chasi

Isome kwenye chuma chenyewe ilipogongwa. Usiridhike na kibati wala logbuku (kadi ya gari). Pitisha kidole juu yake: ukihisi pamesagwa au rangi ni nene kuliko pembeni, ondoka. Noah ile ilianza na ZRR70, kistari, halafu tarakimu saba. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, kwa hiyo usitupe hela kwenye tovuti za Marekani zinazotaka namba 17.

Hatua ya 2: Cheti cha eksipoti

Hapa ndipo kazi ilipo, tulia nami.

Japani kila gari hupita ukaguzi wa serikali unaoitwa shaken. Gari dogo jipya la binafsi hukaguliwa likifika miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa. Gari likifutwa usajili ili lisafirishwe nje, kilomita za ukaguzi huhamia kwenye cheti cha eksipoti. Kwetu hiki ndicho chenye uzito kuliko karatasi zote, kwa sababu gari likishashuka meli na kupewa namba ya Uganda, hupati tena mlolongo wa namna hiyo.

Muuzaji atakuambia cheti kimebaki kwa ajenti wa klaringi. Sawa, ajenti ana simu; atume picha. Omba ukurasa wa Kijapani, si tafsiri peke yake. Tafsiri mtu yeyote anaweza kuipiga chapa upya akiwa Kampala. Tarakimu za Kijapani kwenye cheti ni hizihizi zetu, utazisoma bila shida.

Kinachosumbua ni miaka. Mara ya kwanza nilikaa na cheti kuanzia asubuhi hadi adhuhuri nikiamini kimeghushiwa, kwa sababu tarehe ya usajili wa kwanza ilisema mwaka 22 na ya ukaguzi wa mwisho ikasema mwaka 5. Gari likaguliwe kabla halijasajiliwa? Karibu nimgombeze muuzaji asiye na kosa. Kumbe Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Ukiona 平成 ni Heisei: jumlisha 1988. Ukiona 令和 ni Reiwa: jumlisha 2018. Basi Heisei 22 ni 2010, na Reiwa 5 ni 2023. Angalia pia kwamba 2019 ina majina mawili: hadi mwisho wa Aprili ni Heisei 31, kuanzia Mei mosi ni Reiwa 1. Nakili alama hizo mbili kwenye simu yako kabla hujatoka nyumbani.

Sasa tafuta kilomita. Mara nyingi utakuta hesabu mbili za kilomita, ya ukaguzi wa mwisho na ya ule uliotangulia, kila moja na tarehe yake. Huandikwa kwa mamia kamili, tarakimu mbili za mwisho zikiachwa sifuri. Hilo si dalili ya udanganyifu. Cheti cha Noah yetu kilisema:

Reiwa 3, mwezi wa 5: 131,600
Reiwa 5, mwezi wa 5: 148,200

Na dashibodi ilisema 86,410. Gari halirudi nyuma.

Tahadhari tatu. Tarehe ya kilomita ni ya ukaguzi, si ya kusafirishwa. Kati yake inaweza kupita karibu miaka 2, kwa hiyo dashibodi kuzidi cheti kwa elfu kadhaa ni kawaida. Pili, gari likiwa limeendeshwa kutoka Mombasa, ongeza zaidi ya kilomita 1,100 za njiani. Tatu, piga hesabu ya mwendo wake: Noah hii ilitembea 16,600 kwa miaka 2. Gari lililokuwa likitembea hivyo, kisha cheti kionyeshe kilomita 300 tu kwa miaka 2 iliyofuata, liulizie sana.

Kama gari limetoka Uingereza, kazi ni nyepesi: ukipata namba yake ya zamani, serikali ya kule inaonyesha ukaguzi wa MOT (shaken yao) na maili zilizosomwa mtandaoni, bure.

Hatua ya 3: Karatasi ya mnada

Ni ripoti ya hali ya gari kutoka kwenye mnada lilikouzwa Japani. Nzuri ukiipata. Alama 4 au 4.5 ni gari safi. R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Lakini karatasi hii huhaririwa kwa simu kwa dakika tano, hivyo mimi siiamini bila cheti cha eksipoti kando yake.

Vuta mikanda yote ya viti hadi mwisho usome kitambulisho cha kitambaa kilichoshonwa chini. Kina mwaka wa kutengenezwa. Mkanda mmoja ukiwa wa mwaka tofauti na wenzake, uliza ulibadilishwa kwa ajali gani. Na mikanda yote ikiwa ya miaka kadhaa nyuma kuliko makaratasi, huenda umri umepunguzwa: tangu sheria ya 2018 gari la miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingia nchini, kwa hiyo wapo wenye sababu ya kulipunguzia umri.

Hatua ya 4: Kama lina namba ya Uganda

Fanya upekuzi wa mmiliki kwenye daftari la magari. Angalia faini za EPS, yaani za makosa ya barabarani. Halafu pekua sajili ya dhamana ya mali zinazohamishika kule URSB, ofisi ya serikali ya usajili, maana watu hukopea logbuku kisha wanauza gari. Wengi huruka hili, na ndilo linaloleta mabwana wa benki getini kwako.

Hatua ya 5: Fundi

Awe wako, si wa bondi.

Muuzaji alipoona cheti alisema, "Mzee, hizo za Japani achana nazo, sikia injini." Mwalimu akarudisha bahasha. Tulipata Noah nyingine Bweyogerere, dashibodi 163,050, cheti 158,900, bei ileile. Nimembadilishia shokomzoba mbili za mbele, na Jumatano aliondoka nayo kwenda Arua.