Namna ya Kuitetea Bajeti ya Maktaba ya Umma

Kabla ya kufika mbele ya baraza linalogawa fedha, kaa maktabani kutwa nzima na uandike unachokiona: mzee anayesaidiwa kujaza fomu ya pensheni mtandaoni, mwanafunzi asiye na kompyuta nyumbani, mtu anayechapa wasifu wake ili aombe kazi. Daftari hilo litakufaa kuliko hotuba, kwa sababu hoja ya kwanza utakayokutana nayo ni kwamba siku hizi kila kitu kimo kwenye intaneti.

Ijibu hoja hiyo kwa gharama. Kitabu cha karatasi hununuliwa mara moja kikaazimwa mpaka kichakae, ilhali kitabu pepe mara nyingi hutolewa kwa leseni yenye kikomo. Mwaka 2011, kwa mfano, kampuni ya uchapishaji wa vitabu ya HarperCollins iliamua kwamba nakala pepe ikishaazimwa mara 26, maktaba ilipe upya. Kwa hiyo kuhamia mtandaoni si lazima kupunguze matumizi, jambo ambalo huenda wahasibu hawalitarajii.

Taja pia Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma la mwaka 1949, lililohuishwa pamoja na IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) mwaka 1994 na 2022, linaloziweka maktaba hizo chini ya wajibu wa mamlaka za kitaifa na za mitaa. Wafadhili peke yao hawatoshi: Andrew Carnegie mwenyewe, tajiri wa chuma wa Marekani, alipojenga maktaba, kwa kawaida aliutaka mji utenge kila mwaka, kutoka fedha za umma, kiasi sawa na asilimia 10 ya msaada wake kwa uendeshaji.

Katika ombi lenyewe, tenganisha mishahara ya wakutubi, vitabu na intaneti, ili kitakachokatwa kionekane wazi.